Deni la Shabiki

Maandishi mengi kuhusu muziki humchukulia shabiki kuwa mpokeaji tu, mtu anayenunua santuri, kulipa kiingilio na kupiga makofi, huku kazi yote yenye maana ikifanywa na walio jukwaani. Historia ya muziki wa roki katika Minneapolis na Saint Paul, miji jirani ya jimbo la Minnesota inayoitwa kwa pamoja Miji Pacha, haikubaliani na mtazamo huo, kwa sababu huko mashabiki, kwa namna walivyochagua kupenda, walisaidia kuamua ni wanamuziki wa aina gani watakaosifiwa, kwa mambo gani, na kwa gharama ya nani. Yeyote aliyekaa na muziki huo tangu ujana hadi mvi, akiendelea kusikiliza bendi zilezile ilhali baadhi ya wapigaji wake wamekwisha kuzikwa, hufika mahali akalazimika kujiuliza alikuwa anashangilia nini hasa.

Roki, yaani muziki wa magitaa ya umeme na dramu nzito uliokulia Marekani katika miaka ya 1950 kutokana na bluzi ya Wamarekani weusi na nyimbo za Wazungu wa mashambani, haikuchelewa kufika Minnesota. Bob Dylan, aliyekuja kutoka Hibbing mwaka 1959 kusoma katika chuo kikuu cha jimbo hilo, alijifunza ufundi wake katika vibanda vya kahawa vya mtaa wa Dinkytown kabla ya kukimbilia New York, na mwaka 1963 kundi la The Trashmen lilitoa wimbo uliovuma nchi nzima kwa mtindo wa vijana wanaoteleza juu ya mawimbi ya bahari, ingawa Minnesota haina bahari. Hata hivyo mwaka ambao mashabiki wa Miji Pacha huurejelea kila wanapobishana ni 1984. Mwezi Juni mwaka huo Prince, mzaliwa wa Minneapolis, alitoa albamu ya Purple Rain, iliyokaa wiki 24 mfululizo kileleni mwa chati ya mauzo ya Marekani. Mwezi Julai Hüsker Dü, watu watatu walioanzisha bendi Saint Paul mwaka 1979, walitoa Zen Arcade, santuri mbili zilizorekodiwa kwa takriban dola 3,200, karibu nyimbo zote zikichukuliwa kwa jaribio la kwanza. Na mwezi Oktoba The Replacements, vijana wanne wa Minneapolis ya kusini, walitoa Let It Be, iliyopewa kwa utani jina la albamu ya Beatles.

Baridi ndiyo sababu inayotolewa mara nyingi: kwamba majira marefu ya theluji huwafungia vijana ndani na kuwaachia magitaa tu. Maelezo hayo ni mepesi mno, kwani miji yenye baridi kali ni mingi na haikuzaa Prince. Sababu iliyo karibu zaidi na ukweli ni uwepo wa sehemu chache ambapo msikilizaji na mpigaji walikutana wakiwa sawa. Mojawapo ilikuwa Oar Folkjokeopus, duka la santuri kwenye makutano ya barabara za Lyndale na 26, ambalo meneja wake, Peter Jesperson, alikuwa pia mmoja wa waanzilishi watatu wa Twin/Tone, kampuni ndogo ya kurekodi iliyochipuka mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyingine ni ukumbi wa First Avenue, jengo jeusi lenye nyota za majina ya wanamuziki ukutani, ambalo lilijengwa mwaka 1937 kuwa stendi ya mabasi ya Greyhound, likafunguliwa kwa muziki mwaka 1970, na kuanzia 1980 likawa na chumba cha pembeni, 7th Street Entry, kinachoingiza watu wapatao 250. Katika ukumbi mkubwa, tarehe 3 Agosti 1983, Prince alirekodi mbele ya hadhira wimbo wenyewe wa Purple Rain, katika onyesho la kuchangia kampuni ya dansi ya Minnesota; katika chumba kidogo bendi ambazo hazikuwa na hata jina la kudumu zilijifunza kusimama mbele za watu.

Ilikuwa mwaka 1980 ambapo Jesperson alipelekewa dukani kanda ya The Replacements, na kisa cha bendi hiyo kinastahili kukaliwa kwa muda kwa kuwa ndicho kilichofinyanga ladha ya mashabiki wa mji huo kuliko kingine chochote. Bob Stinson, mpiga gitaa la solo, alikuwa amemfundisha mdogo wake Tommy kupiga gitaa la besi ili kumwondoa mitaani, na Tommy alikuwa bado mtoto wa miaka 13 hivi walipokuwa wakifanya mazoezi na mpiga dramu Chris Mars katika nyumba ya familia. Paul Westerberg, kijana aliyekuwa akifanya usafi katika ofisi ya seneta, aliwasikia alipokuwa akipita kwenda nyumbani, akajiunga nao na kuwa mtunzi na mwimbaji. Walipiga panki, yaani roki iliyovuliwa madoido na kuharakishwa ambayo New York na London ziliizindua katikati ya miaka ya 1970, lakini Westerberg alikuwa na kipaji cha kuandika nyimbo za huzuni na aibu ambazo panki kwa kawaida haikuzitaka, na mchanganyiko huo wa fujo na unyonge ndio uliowanasa wasikilizaji.

Nyimbo hizo zingetosha, lakini mashabiki walipenda kitu kingine pia. Walipenda kwamba bendi ingeweza kupanda jukwaani ikiwa imelewa na kuharibu kila wimbo kwa makusudi. Walipenda kwamba tarehe 18 Januari 1986, ilipopewa nafasi katika kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live mbele ya mamilioni ya watazamaji, ilionekana imelewa, Westerberg akatoa tusi hewani, na bendi ikafungiwa. Walipenda kwamba kampuni kubwa ilipodai video ya kutangaza wimbo, video iliyotoka ilionyesha karibu muda wote spika tu iliyowekwa sakafuni. Kila nafasi iliyopotezwa ilihesabiwa kuwa ushahidi wa uaminifu, kana kwamba kufanikiwa kungekuwa ndiko kusaliti. Shabiki wa aina hiyo hujiona mwenye maadili kuliko wengine kwa sababu amempenda aliyeshindwa, na kwa muda mrefu haoni kwamba kushindwa huko yeye hakukulipia chochote zaidi ya kiingilio.

Aliyelipa ni Bob Stinson, ambaye kwa miaka mingi alikuwa kipenzi cha hadhira kwa kupanda jukwaani akiwa amevaa gauni au nguo za ajabu zaidi, na ambaye ulevi wake ulichekewa usiku baada ya usiku kama sehemu ya burudani. Bendi ilimtoa mwaka 1986, na tarehe 18 Februari 1995 alikutwa amekufa nyumbani kwake Minneapolis, mwenye umri wa miaka 35, mwili ukiwa umechakazwa na pombe na dawa za kulevya. Msomaji wa Afrika Mashariki hatahitaji kuelezwa sana, kwa kuwa mwaka huohuo, mwezi Machi, Dar es Salaam ilimzika Marijani Rajabu, aliyeitwa Jabali la Muziki, ambaye akiwa na Safari Trippers na baadaye Dar International aliimbwa na nchi nzima lakini akaishia katika umaskini. Hali zao zilitofautiana sana, kwa kuwa Marijani aliangushwa na utaratibu usiomlipa mtunzi na si na chupa, lakini mashabiki wao wanafanana katika jambo moja: walijua, na nyimbo ziliendelea kupigwa.

Ingekuwa rahisi hapa kumweka Prince upande wa pili wa mizani, kama mtu wa nidhamu aliyefanyisha bendi zake mazoezi hadi alfajiri, asiyevumilia ulevi kazini, na aliyejijengea Paisley Park, studio iliyofunguliwa mwaka 1987 katika kitongoji cha Chanhassen, na kuhitimisha kwamba nidhamu huokoa. Maisha hayakuiacha hoja hiyo isimame, kwani Prince alikufa katika jengo hilohilo tarehe 21 Aprili 2016 kwa sumu ya fentanili, dawa kali ya maumivu, baada ya miaka mingi ya kuuchosha mwili wake kwa kuruka na kucheza jukwaani kama mashabiki walivyozoea kumdai. Hüsker Dü nao walivunjika mwanzoni mwa 1988, Bob Mould akiwa ameacha pombe na Grant Hart akiwa amenaswa na heroini, na watunzi hao wawili, ambao katika kila albamu walikuwa wakishindana kutunga wimbo bora zaidi, hawakurudi tena pamoja kama bendi hadi Hart alipofariki kwa saratani mwezi Septemba 2017. Hakuna mizani inayolingana hapa. Kuna watu waliofanya kazi ngumu, na wasikilizaji waliotaka kila mmoja wao abaki vilevile alivyokuwa walipompenda kwanza.

Hamu hiyo ya kutaka msanii asibadilike ina ushahidi mwingine, mdogo lakini wa kufurahisha. Albamu ya Tim, ambayo The Replacements waliitoa mwaka 1985 kupitia kampuni kubwa ya Sire, ilirekodiwa vizuri lakini ikachanganywa vibaya, yaani sauti za ala zilipangwa kwa namna iliyozifanya zisikike kama zinatoka chumba cha pili, na mashabiki waliitetea hali hiyo kwa takriban miaka 40 wakisema ndiyo sauti halisi ya bendi. Mwaka 2023 fundi Ed Stasium aliichanganya upya kutoka kanda za awali, dramu zikasikika kama dramu na maneno yakasikika yote, na wengi wa watetezi haohao wakakiri mara moja kwamba hii ndiyo albamu waliyokuwa wakiisikiliza kichwani muda wote.

Inafaa isemwe pia kwamba mji wenyewe haukuwasubiri mashabiki hao waliozeeka. Mtaa wa Cedar-Riverside, ulio kwenye ukingo wa magharibi wa Mississippi na ambao katika miaka ya 1960 na 1970 ulijaa wapiga gitaa wenye nywele ndefu, leo ni kitovu cha Wasomali na Waoromo, wakiwemo watu waliopitia Nairobi na wanaozungumza Kiswahili. Katika ukumbi wa Cedar Cultural Center, mpango ulioitwa Midnimo, ambalo ni neno la Kisomali lenye maana ya umoja, ulianza mwaka 2014 kuwaleta wanamuziki wa Kisomali mbele ya hadhira ya mtaa, na wapo katika mtaa huo watu wa makamo wanaoikumbuka Mogadishu ya miaka ya 1980, wakati Dur-Dur Band na Iftin zilipokuwa zikipiga magitaa ya umeme mahotelini kabla ya vita kuwatawanya wapigaji na wasikilizaji wao kwa pamoja. Shabiki wa namna hiyo hakuwahi kupata anasa ya kupenda kushindwa. Kanda iliyonusurika ilimtosha, akaitunza, akainakili, akawagawia wenzake, na kwa njia hiyo muziki ukaishi.

Kwa mashabiki wa The Replacements nafasi ya kufanya jambo la aina hiyo ilikuja mwaka 2012. Slim Dunlap, mpiga gitaa mpole wa Minneapolis aliyechukua nafasi ya Bob Stinson mwaka 1987 na kukaa na bendi hadi onyesho lake la mwisho jijini Chicago tarehe 4 Julai 1991, ambapo wanamuziki waliwaachia ala mafundi wao wa jukwaani mmoja baada ya mwingine na kuondoka, alipatwa na kiharusi kilichomlaza na kumfanya ahitaji uangalizi wa mchana na usiku. Marekani ni nchi ambamo ugonjwa wa muda mrefu unaweza kuifilisi familia, hata yenye bima, na muuguzi wa nyumbani hulipwa kwa saa. Wenzake walibuni mpango ulioitwa Songs for Slim, ambamo wanamuziki mbalimbali walirekodi nyimbo za Dunlap na santuri zao zikapigwa mnada kwa ajili ya matunzo yake, jambo ambalo Mswahili angeliita mchango bila kusita. Westerberg na Tommy Stinson, ambao bendi yao ilikuwa imekufa tangu 1991, walirudi studio kwa ajili hiyo, na kutokana na kurudi huko yakafuata maonyesho ya 2013 na lile la Septemba 2014 katika uwanja wa Midway, Saint Paul, ambapo watu waliokwisha kuwa wazazi waliimba kwa sauti nyimbo za ujana wao.

Onyesho hilo ndilo linalosimuliwa zaidi, lakini mnada ndio uliokuwa na uzito. Santuri ya kwanza ilitolewa mwanzoni mwa 2013 kwa nakala 250 tu, idadi ileile ya watu wanaoenea 7th Street Entry, na nakala hizo, ambazo dukani zingeuzwa kwa dola chache, zilikusanya zaidi ya dola 100,000. Dunlap alitunzwa na mkewe na wauguzi kwa karibu miaka 13, hadi alipofariki mwezi Desemba 2024.