Mwalimu Aliyekatazwa Kuiga

Anatoly Tarasov hakuwa bado ametimiza miaka 30 wakati Warusi walipoamua, baada ya vita kuu ya pili, kuuingiza nchini mwao mchezo wa magongo ya barafuni kwa kanuni za Kanada, yaani ule ambao watu 6 kila upande, mmoja wao akiwa mlinda lango, huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma na kukipigania kisahani cheusi cha mpira mgumu kinachoenea kiganjani. Kabla ya hapo Warusi walikuwa na mchezo wao wa asili, wa mpira mdogo na magongo yaliyopinda, uchezwao na watu 11 kwa 11 juu ya barafu pana kama uwanja wa kandanda, na huo ndio aliokulia Tarasov mjini Moscow, alikozaliwa tarehe 10 Desemba 1918. Wachache waliokwisha kuuonja mchezo wa Kanada walikuwako pande za Baltiki, na kijana huyu, kwa shauku ya mtu aliyekabidhiwa kazi asiyoijua, alitaka kwenda kuwatazama wenye ujuzi ili arudi na kitu cha kuwafunza wenzake. Mwalimu wake, Mikhail Tovarovsky, alimzuia. Alimwambia asiende kutazama. Akae, afikiri, abuni mchezo wake mwenyewe.

Sijapata kuisoma habari hii pasipo kusimama hapo kitambo, maana zuio la namna hiyo ni zito kuliko linavyosikika. Ni rahisi kumwambia mwenye hazina ajitegemee; bali kumwambia hivyo mtu asiye na kitu, katika nchi iliyotoka vitani na majeraha mabichi, ambayo hata barafu ya kutengenezwa kwa mitambo haikuwa nayo, ni kumtwika mzigo ambao wengi wangeutua njiani. Tarasov aliuchukua. Naona Tovarovsky alikuwa amefahamu jambo ambalo walimu wengi hulisahau, kwamba mwenye kuiga huujua mwisho wa safari yake kabla hajaondoka, nao ni mgongo wa yule anayemfuata.

Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Umoja wa Kisovyeti yalifunguliwa tarehe 22 Desemba 1946, na Tarasov alikuwamo uwanjani akiwa mchezaji na mwalimu kwa wakati mmoja, katika timu ya jeshi la anga. Hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Msimu ule wa kwanza aliongoza kwa mabao, akiwa na 14. Lakini timu ile ilikuwa chini ya himaya ya Vasily Stalin, mwana wa mtawala wa nchi, na hao wawili hawakupatana, ikambidi Tarasov kuhamia timu ya jeshi la nchi kavu, ile ambayo baadaye ulimwengu uliijua kwa jina la CSKA. Huko alicheza bega kwa bega na Vsevolod Bobrov, ambaye jina lake naomba msomaji alihifadhi, maana litarudi. Ndugu mdogo wa Tarasov, Yuri, alibaki katika timu ya jeshi la anga, na mwezi Januari 1950 alifariki dunia pamoja na wenzake katika ndege iliyoanguka karibu na mji wa Sverdlovsk. Msiba huo nautaja kwa ufupi, kwa kuwa sina neno la kuuongezea.

Turudi kwenye barafu. Kabla ya katikati ya miaka ya 1950, mwalimu wa Moscow alikuwa na barafu wakati Mwenyezi Mungu alipoleta baridi, na baridi ilipokwisha hakuwa nayo. Mwingine angeyafanya hayo kuwa udhuru na kulala hadi majira yarejee. Tarasov aliyafanya kuwa shule. Aliwapeleka watu wake nchi kavu, akawafanya wanyanyue vyuma, waruke, wapindukie kichwa na kuinuka mara moja, wacheze kandanda na mpira wa kikapu, wapigane mieleka, hata baridi iliporudi walikuwa na viungo na pumzi ambazo waliozoea barafu mwaka mzima hawakuwa nazo. Ukosefu ule ulizaa ilimu ambayo baadaye mataifa yenye barafu tele yalikuja kuitafuta.

Tena alitafakari juu ya kile kisahani chenyewe. Mkanada alikua na gongo mkononi tangu utotoni. Kushindana naye kwa nguvu za mtu mmoja mmoja, kifua kwa kifua, ilikuwa kujitakia aibu. Lakini viwanja vya Ulaya vilikuwa na upana wa mita 30, ilhali vya Amerika ya Kaskazini havikuzidi 26 hivi, na katika nafasi hiyo ya ziada Tarasov aliona mlango. Kisahani kinachosukumwa kutoka kwa mtu hadi kwa mtu huenda mbio kuliko mteleza yeyote, kwa hiyo aliwafunza wachezaji wake kwamba sifa haiko kwa aliyenacho peke yake, bali pia kwa yule asiye nacho, ambaye wakati huo huo anakimbilia mahali patupu ili apewe. Fikiri, ewe msomaji, jinsi fundisho hilo lilivyo gumu kwa kijana mwenye kipaji: kukimbia kwa nguvu zote kwenda mahali ambako huenda usipewe chochote, na kukimbia tena, na tena, ili mwenzako apate uwazi. Watazamaji humshangilia mfungaji. Aliyewavuta walinzi wawili kando hurudi kukaa kwenye benchi bila ya mtu kumtaja. Tarasov alimtaja.

Na hapa insafu yanitaka niseme jambo ambalo wapendao hadithi nyepesi hulipita. Mtu huyu aliyekatazwa kuiga hakuwa mjinga wa kukataa kujifunza. Mkanada mmoja, Lloyd Percival, alitoa kitabu cha mafundisho ya mchezo huu mwaka 1951, na wakubwa wa mchezo huo katika nchi yake mwenyewe walikidharau. Tarasov alikisoma kwa bidii, na baadaye alikiri wazi kwamba alikuwa mwanafunzi wake. Mwenye kuiga huuliza jirani anafanya nini, na mwenye kujifunza huuliza kwa nini anafanya hivyo, kisha huenda kupima jawabu kwa akili yake. Ni masikitiko makubwa kwamba maarifa yaliyozaliwa Kanada yalilazimika kuvuka bahari ndipo yapate mtu wa kuyaheshimu.

Jinsi alivyofunza yaonekana vema kwa kijana mmoja. Vladislav Tretiak aliletwa mbele yake akiwa mlinda lango mwembamba wa miaka 15. Tarasov alimwamuru atembee na mpira mdogo wa tenisi kila aendako, na kila nafasi aurushe na kuudaka, njiani, mezani, popote, ili jicho na mkono viache kungojeana. Kijana aliutii mpira ule mpaka ukawa kama kidole chake cha sita. Lau ungemwona mtu mzima mwenye cheo cha jeshi akimkemea kijana kwa sababu ya mpira wa kuchezea, pengine ungecheka. Lakini huyo alikuja kuwa mlinda lango aliyetajwa kwa heshima na maadui zake kuliko wengi waliopata kusimama mbele ya nyavu.

Mavuno yake ni maarufu. Akiwa pamoja na Arkady Chernyshev, mtu mtulivu aliyekuwa mkubwa wake katika timu ya taifa na aliyejua kumwachia nafasi bila ya kumwachia hatamu, walitwaa ubingwa wa dunia mara 9 mfululizo, tangu 1963 hata 1971, na nishani za dhahabu za Olimpiki katika Innsbruck, Grenoble na Sapporo. Aghalabu watu humsifu Tarasov na kumsahau Chernyshev, na hiyo ni dhuluma, maana mtu mwenye moto kama ule alihitaji mwenzi mwenye subira.

Moto huo uliunguza pia. Watu wazima wenye wake na watoto walifungiwa kambini Arkhangelskoye, nje ya Moscow, kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mazoezi yao yalikuwa mazito kupita kiasi. Wako waandishi wanaoyasimulia hayo kwa tabasamu, kwa kuwa ushindi ulipatikana. Mimi siwezi. Mtoto anayemwona baba yake kwenye televisheni zaidi ya anavyomwona nyumbani amenyang'anywa kitu ambacho nishani haikirudishi, na aliyekuwa na akili ya kubuni mchezo mpya angeweza kubuni na njia ya kuwarudisha watu makwao jioni. Hata nyumbani kwake hakuwa laini: binti yake Tatiana alipoumia, akalazimika kuacha mchezo wa kuteleza kisanaa barafuni, baba alimwelekeza kwenye kazi ya ualimu akiwa na miaka 19 tu. Binti huyo akaja kuwa miongoni mwa walimu mashuhuri kabisa wa fani hiyo duniani.

Tarehe 11 Mei 1969, katika mchezo wa kuamua ubingwa wa nchi baina ya CSKA na timu ya Spartak, bao la Vladimir Petrov lilikataliwa kwa ubishi juu ya saa. Tarasov aliwaita watu wake, wakatoka uwanjani, na kwa muda mrefu wakakataa kurudi, huku Leonid Brezhnev, mkuu wa chama kilichotawala nchi, akiwa amekaa miongoni mwa watazamaji. Mwishowe walirudi, wakashindwa 3 kwa 1, na mwalimu akavuliwa lakabu yake ya heshima, ambayo alirudishiwa baadaye. Sitaki kumtetea kwa kila kitu, maana mwamuzi ni mwamuzi. Lakini nakiri kwamba katika zama ambazo watu wengi waliinama kabla ya kuambiwa wainame, naona fahari kwa mtu aliyesema hapana mbele ya uso ule.

Kwa miaka mingi alitamani neno moja: kuwapeleka vijana wake wakapambane na Wakanada wanaolipwa, wale ambao Olimpiki haikuwaruhusu kushiriki. Ruhusa ilipatikana mwaka 1972. Lakini baada ya dhahabu ya Sapporo, mwezi Februari mwaka huo huo, timu ya taifa ilitoka mikononi mwake na mwa Chernyshev, ikapewa Bobrov, mwenzake wa ujanani. Tarehe 2 Septemba, mjini Montreal, Wakanada walifunga mabao 2 katika dakika 7 za mwanzo, na uwanja mzima ukaamini kwamba yale yaliyosemwa juu ya ubora wao ni kweli. Kisha kile kisahani kikaanza kuzunguka kutoka gongo hadi gongo, Valeri Kharlamov akafunga mara 2, Tretiak akasimama langoni, na mchezo ukaisha 7 kwa 3 kwa Warusi. Kanada ilishinda mfululizo wote wa michezo hiyo kwa shida, kwa bao la Paul Henderson zikiwa zimesalia sekunde 34 za mchezo wa nane, lakini tangu usiku ule wa Montreal hakuna mwenye akili aliyesema tena kwamba mchezo huu una mwalimu mmoja.

Aliyeutengeneza mchezo ule hakuwa kwenye benchi. Nimejaribu kulitazama jambo hilo kwa utulivu, na bado laniuma, ingawa halinihusu kwa ukoo wala kwa nchi.

Wakanada wenyewe, mwaka 1974, waliliweka jina lake katika jumba lao la heshima la mchezo huo mjini Toronto, na Mmarekani Herb Brooks, ambaye vijana wake wa vyuo waliwaangusha Warusi 4 kwa 3 katika Olimpiki ya 1980, alikuwa amejifunza kwao sehemu kubwa ya alichowafunza wanafunzi wake. Tarasov aliishi mpaka tarehe 23 Juni 1995. Mashindano ya watoto aliyoyaanzisha mwaka 1964, ambayo Warusi huyaita Kisahani cha Dhahabu, yangali yakichezwa. Na kwangu mimi hayo, kuliko mataji yote 9, ndiyo kazi yake iliyo bora.