Deni Lililozeeka Ndani ya Nyumba



Jioni moja mama wa jumuiya yetu ndogo hapa Kakamega alinijia akiwa bado na kikapu cha sokoni. Alikuwa akiuza mboga katika soko la Lubao simu yake ilipolia. Sauti asiyoijua ilimwambia kwamba mumewe anadaiwa shilingi 140,000, na wasipolipa kufikia Ijumaa, watu watakuja na lori kubeba vyombo vya nyumba. Mama yule hakuwa na habari ya deni lolote.

"Mwalimu," akaniuliza, "mimi nimeolewa na mtu gani?"

Litazameni vizuri swali hilo. Hakuuliza pesa zitatoka wapi.

Mume alipoketi nasi alieleza yote. Mwaka 2012 alikopa benki shilingi 60,000, mkopo usio na dhamana, akanunua mashine ya kusaga mahindi. Alirudisha shilingi 15,000, kisha mashine ikafa, naye akaacha kulipa mwaka 2013. Aibu ilimzuia kumwambia mkewe. Miaka ilipopita kimya, akajifariji kwamba mambo yamekwisha. "Mwalimu," akasema, "nasikia deni la zaidi ya miaka sita halidaiwi tena. Basi si limekufa?"

Hapo ndipo penye swali letu la leo. Je, deni huzeeka likafa?

Kwa upande wa mahakama, alichosikia kina ukweli. Sheria ya Kenya, Sura ya 22, inampa mwenye kudai mkataba miaka 6 ya kufungua kesi. Sheria hiyo ina hekima yake. Mashahidi hufariki, risiti huliwa na mchwa, na si haki mtu kuishi maisha yake yote akingoja kuitwa kortini. Lakini sheria imefunga mlango wa mahakama tu. Haikusema kwamba zile pesa zilikuwa zawadi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2411, inahesabu kulipa madeni kuwa sehemu ya haki, wala si tendo la hisani. Wazee wetu nao walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa yake ni kungoja.

Hata hivyo, tusimwelemee mdaiwa peke yake. Haki ina pande mbili. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mkopeshaji anakatazwa kuingia nyumbani kwa mtu kuchukua rehani. Lazima asimame nje. Anakatazwa pia kuchukua jiwe la kusagia, kwa kuwa huko ni kuchukua uhai wa mtu. Na sura ya 15 inaagiza maachilio ya madeni kila mwaka wa saba. Kwa hiyo Mungu yule yule anayetaka tulipe, anataka pia mwenye kudai awe na mpaka.

Mipaka hiyo imo katika sheria zetu pia, na kila familia yafaa iijue. Anayepiga simu kudai si dalali wa mahakama. Kwa mkopo usio na dhamana kama huu, bila hukumu na amri ya korti hana ruhusa ya kubeba hata sufuria. Dalali mwenyewe lazima awe na leseni chini ya sheria ya madalali ya mwaka 1996, na atoe ilani ya maandishi ya siku 7 kabla ya kuchukua mali. Hata hapo, sheria inalinda vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na vifaa vya kazi. Tena, kwa mikopo ya benki, tangu mwaka 2007 riba inayoongezeka baada ya mkopo kukwama haiwezi kuzidi salio la mkopo wenyewe. Bwana huyu alibaki na salio la 45,000. Riba nayo isipite 45,000. Jumla ni 90,000, pamoja na gharama halali za kudai. Ile 140,000 ilihitaji maelezo.

Niliwashauri wasigombane na mpiga simu, wala wasimkimbie. Waombe maandishi: kiasi kilichokopwa, kilicholipwa, na riba. Wasiahidi kitu kwa simu, wala wasitume "hata elfu moja tu" kwa hofu. Malipo madogo, au barua ya kukiri yenye sahihi, yaweza kuanzisha upya ile miaka 6. Sisemi hivyo ili mtu apate pa kujificha. Nasema ili ahadi itolewe na watu wawili waliokwisha kuketi, wakahesabu unga na karo, wakajua wanaloliweza. Asiye na uwezo leo hatendi dhambi kwa kukosa. Anakosea anapopata, kisha akafanya kama hakukopa.

Lakini benki haikuwa peke yake katika kudai. Mke naye alikuwa anadai, tena kwa haki kubwa zaidi. Aliahidiwa altareni mume asiyemficha maisha yake, naye kwa miaka kumi na zaidi alilala karibu na siri. Deni hilo la pili halimo katika Sura ya 22. Miaka 6 hailifuti, wala miaka 60. Halilipwi kwa mpigo mmoja.

Mama yule aliomba jambo moja kabla ya mengine: aonyeshwe kila karatasi. Mume akatoa bahasha iliyokuwa juu ya dari. Baadaye waliandika barua pamoja, wakaomba kulipa salio la 45,000 kidogo kidogo kila baada ya mavuno, na benki ikakubali kwa maandishi. Risiti anazitunza mama, ndani ya mkebe wa majani chai.

Benki watamalizana nayo siku moja. Kwa mkewe bwana huyu bado analipa, na kila risiti anayomkabidhi ni sehemu ya malipo hayo.

Je, nawe msomaji, nyumbani kwako kuna bahasha juu ya dari? Iteremshe leo, kabla simu haijalia sokoni.