Aliyekutwa na Mzoga

Barazani kwetu kulikuwa na tangi la kioo la mjukuu wangu. Maji yake tuliyachota Kizingo, na ndani tulitia kitatange mdogo tuliyepewa na mvuvi, pamoja na kipande cha tumbawe kilichovunjwa na mawimbi, tulichokiokota maji yakiwa yamekupwa. Tulidhani tumetia vitu viwili.

Kumbe jiwe la bahari halibebwi peke yake. Wiki ya kwanza alitoka kaa mdogo kama punje ya mbaazi. Kisha ikachanua mithili ya ua la hudhurungi, nalo ni mnyama; ukimkatakata, vipande huota vikawa wengine. Usiku tulisikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Huyo ni kamba mdogo mwenye gando moja kubwa, ambalo hulifunga kwa kasi hata maji yakalia.

Asubuhi moja tulimkuta kitatange amekufa, na juu yake mnyoo mrefu kama kidole, mwenye manyoya meupe ubavuni, anakula.

"Babu, muuaji huyo!"

Sikuuliza swali. Nilimshika kwa mkono nikamtupa juani. Manyoya yakanikatikia vidoleni, nikawashwa siku mbili kama niliyeshika upupu.

Katika kujikuna nikafungua kitabu cha Matthew Richmond cha viumbe wa pwani za Afrika Mashariki, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1997, nikamwona mnyoo wa jamii ile. Mwanafunzi wangu wa zamani aliyesomea mambo ya bahari akanieleza kwamba wengi wao hula mabaki na mizoga, ndio wasafishaji. Akaniuliza kama pampu ya hewa ilifanya kazi usiku ule. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Kitatange alikufa kwa kukosa pumzi, na mnyoo akaja baadaye kufanya kazi yake.

Hapo nikamkumbuka kijana mmoja. Mwaka 1991, katika chuo cha ualimu nilichokuwa nikikiongoza, alikutwa usiku ndani ya ghala, kufuli limevunjwa, mchele umemwagika. Alisema alisikia kishindo akaingia kutazama. Nikamjibu kwamba wezi wote husema hivyo, nikamfukuza. Muhula uliofuata mwizi mwenyewe alikamatwa. Nilimwandikia yule kijana arudi. Hakurudi, wala hakuwa mwalimu.

Najiuliza: je, kukutwa mahali ni ushahidi wa nini? Tena yule mnyoo tulimwita mgeni asiyealikwa, kana kwamba alipiga hodi. Hakuja kwetu. Mimi ndiye niliyeibeba nyumba yake naye akiwa ndani. Na wale walioalikwa je? Kunguru wa Mji Mkongwe waliletwa kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji, na leo wanakula mayai na makinda ya ndege wa asili. Mwaliko haukuwafanya wema.

Sisemi kila kiumbe aachwe. Kama yule kaa angeonekana akimkamata samaki mzima, ningemtoa, na roho yangu ingetulia. Lakini ningekuwa nimeona. Mwalimu aliyezoea kuamua mbele ya darasa huona haya kusema "ngoja kwanza", maana wanafunzi watadhani hajui. Mimi nilikuwa sijui, nikaamua upesi ili nisionekane hivyo. Miaka ile niliita jambo hilo nidhamu.

Bamvua iliyofuata tulilirudisha jiwe Kizingo pamoja na wote waliomo. Njiani nilimsimulia mjukuu habari za ghala.

"Sasa anakaa wapi, babu?"

"Nasikia Makunduchi."

"Si mbali."

Ni kweli, si mbali. Daladala za kwenda huko zipo kila siku.