MEZA YA NYUMBANI NI ALTARE: TUJIFUNZE KWA SABATO YA WAYAHUDI



Mwaka 70 majeshi ya Kirumi, yakiongozwa na Tito, yaliliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Moto wa sadaka ukazimika, na makuhani wakawa hawana tena mahali pa kutolea dhabihu. Kwa fikira za kibinadamu, dini ile ilipaswa kufa pamoja na kuta zake. Mahekalu ya Misri na ya Roma ya kale yalipobomoka, miungu yake ilisahauliwa, na leo magofu yake yatazamwa na watalii tu. Lakini dini ya Wayahudi haikufa. Sababu zake ni nyingi, na mojawapo yatuhusu sana sisi wenye jamaa: dini ile ilikuwa imekwisha kukaa nyumbani. Walimu wao walifundisha kwamba, kwa kuwa altare ya Yerusalemu haiko tena, meza ya mtu nyumbani mwake imeshika nafasi yake.

Basi tuitazame meza hiyo siku ya Ijumaa jioni, katika jamaa inayoishika Sabato.

Tangu mchana nyumba imefagiwa, chakula kimepikwa, na nguo safi zimetayarishwa, kwa maana siku ya Wayahudi huanza jua likizama. Kama dakika 18 kabla ya jua kutua, mama awasha mishumaa, kwa kawaida miwili, afunika macho kwa mikono yake na kumshukuru Mungu. Baba awawekea watoto mikono kichwani na kuwabariki. Wavulana awaombea wawe kama Efraimu na Manase. Wasichana awaombea wawe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Kisha, kwa desturi ya jamaa nyingi, aimba sifa za mke mwema zilizomo katika sura ya mwisho ya Kitabu cha Methali, huku mkewe na watoto wakisikia. Halafu ainua kikombe cha divai na kuitangaza siku kuwa takatifu. Mezani ipo mikate miwili, mara nyingi imesukwa kama nywele, nayo yakumbusha mana iliyookotwa maradufu jangwani siku ya sita. Hapo ndipo waanza kula, kuimba na kulizungumza Neno la Mungu. Kesho yake usiku, nyota tatu zikionekana mbinguni, waiaga Sabato kwa divai, manukato na mshumaa uliosokotwa.

Tuone vema, wasomaji. Baba ndiye abarikiye, mama ndiye aletaye mwanga, na mtoto ndiye anayeuliza na kujibiwa. Mtoto huyo hujifunza jina la Mungu mahali pale pale anapojifunza kula. Hivyo ndivyo agizo la Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, linavyotimizwa: wazazi wawafundishe watoto maneno ya Mungu wakiwa nyumbani na njiani, asubuhi na jioni.

Juu ya pumziko lenyewe, Mishna, mkusanyo wa sheria zao uliokamilishwa karibu na mwaka 200, yataja kazi kuu 39 zilizokatazwa siku hiyo. Miongoni mwake ni kulima, kupanda, kuvuna, kuoka, kushona, kuandika na kuwasha moto. Siku hizi si Wayahudi wote waishikao sheria hii kwa ukali ule ule, lakini wale waishikao kwa ukamilifu hawaendeshi gari wala hawagusi simu. Huenda mtu akadhani kwamba huo ni mzigo usiochukulika. Lakini walimu wao wafundisha pia kwamba uhai wa mtu ukiwa hatarini, kuivunja Sabato ili kumwokoa ni wajibu. Tena amri yenyewe haikutolewa kwa ajili ya mwenye nyumba peke yake. Yamtaja mtumwa na mjakazi, yamtaja mgeni, yataja hata ng'ombe na punda, wote wapumzike. Nayo yatoa sababu: ninyi nanyi mlikuwa watumwa kule Misri.

Nguvu ya dini ya nyumbani imeonekana hata katika nchi zetu. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wako Abayudaya. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa mkuu wa vita aliyewatumikia Waingereza. Aliyasoma Maandiko, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe na kuanza kuishika Sheria ya Musa. Katika utawala wa Idi Amin, tangu 1971 hata 1979, ibada yao ilipigwa marufuku. Wengi waliiacha. Wachache waliendelea kusali kwa siri majumbani, wakiishika Sabato milango ikiwa imefungwa. Utawala ule ulipoanguka, wakatoka hadharani. Mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alifanywa rabi baada ya masomo yake Marekani. Sinagogi lilifungwa, lakini meza haikufungwa.

Labda yuko atakayeuliza: Wakristu tuna nini na mambo hayo? Tunayo mengi. Yesu mwenyewe alizaliwa na mama Myahudi, na Mwinjili Luka, katika sura ya 4, aeleza kwamba ilikuwa desturi yake kuingia sinagogi siku ya Sabato. Desturi hizo za mezani zilipata sura yake ya leo polepole, lakini Sabato yenyewe aliishika pamoja na Maria na Yosefu. Kwa bahati mbaya Wakristu wengi katika historia waliwadharau na kuwatesa ndugu wa Bwana wao. Mwaka 1959 Papa Yohane XXIII aliliondoa neno la kuwalaumu katika sala ya Ijumaa Kuu. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate, ulifundisha kwamba Wayahudi wasihesabiwe kuwa watu waliolaaniwa. Na mwaka 1986 Papa Yohane Paulo II aliingia katika sinagogi la Roma, akawaita ndugu zetu wakubwa. Si aibu kwa mdogo kujifunza kwa mkubwa.

Hatusemi kwamba Mkristu arudie Sabato ya Jumamosi. Siku yetu ni Dominika, siku ya Ufufuko, na karamu yetu kuu ni Misa Takatifu. Lakini tujiulize bila kujificha: Misa ikiisha, Dominika yaingia pamoja nasi nyumbani, au yabaki mlangoni pa kanisa? Ni watoto wangapi waliopata kuwekewa mikono kichwani na baba yao? Ni mama wangapi waliopata kusikia sifa zao mezani, kabla ya siku ya kuzikwa? Na yule binti apikaye na kufua katika nyumba zetu, je, Dominika ni siku yake pia, au ndiyo siku ambayo vyombo huwa vingi kuliko siku zote? Ikiwa sisi twapumzika juu ya mgongo wake, hatujaitakatifuza siku ya Bwana.

Basi, enyi baba na mama, anzeni na jambo dogo. Jumamosi jioni tayarisheni nyumba, ili Dominika isije ikawakuta katika haraka. Siku yenyewe zimeni simu, keteni pamoja, mbarikini kila mtoto kwa jina lake, na mpeni mtumishi wenu nafasi ya kusali na kupumzika. Kwani siku aweza kuja wakati ambapo padre yu mbali, au mlango wa kanisa umefungwa. Siku hiyo watoto wenu watakuwa na imani ile tu waliyoipata mezani penu.

Mungu aibariki meza ya kila msomaji.