Mbuzi wa Mtoto

Huku Mbulumbulu, wilayani Karatu, mtoto akishajua kuchunga bila kuzubaa, baba humwonyesha mbuzi mmoja zizini na kumwambia, "Huyu ni wako." Tangu siku hiyo utamtambua mtoto mwenye mbuzi wake. Asubuhi humpapasa tumbo, humtoa kupe masikioni kwa kucha, humpa jina. Mbuzi akichelewa kurudi, mtoto hangoji kutumwa. Atashuka korongoni mwenyewe, na huku msitu wa Ngorongoro uko pale juu na nyati hawajui mpaka wa shamba ni upi. Sijaona somo la uraia linalomkomaza mtoto upesi namna hiyo.

Kisha hufika Januari. Ada ya shule ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, lakini sare, madaftari na viatu havikufutwa. Mnunuzi anakuja na pikipiki, mbuzi anafungwa miguu, anapakiwa. Mtoto akirudi jioni anakuta kamba. Akiuliza, anajibiwa: "Kwani wewe mwenyewe ni wa nani?" Watu wanacheka, chakula kinaletwa.

Shida ya fedha naielewa, na viatu vyenyewe pengine ni vya huyo huyo mtoto. Kinachonishinda ni baba kushindwa kumwita pembeni usiku uliotangulia akamwambia, "Mwanangu, tuna shida, tumuuze mbuzi wako, unasemaje?" Maneno hayo hayagharimu hata shilingi. Asipoyasikia, mtoto anajifunza kwamba alichokabidhiwa hakikuwa chake, na mwakani ukimpa mwingine atamchunga kama wa jirani.

Wazee wetu wa Kiiraqw hawakupima ukuaji kwa miaka. Walitazama mtu amekabidhiwa nini na amekirudisha katika hali gani. Mtoto alianza na vifaranga na ndama karibu na nyumba, kisha mdogo wake mgongoni, kisha mbuzi, kisha ng'ombe wa mbali, kisha kipande cha shamba. Na katika kila hatua palikuwa na mkubwa asiye mbali: bibi mlangoni, kaka ng'ambo ya korongo. Kazi ilikuwa ya kweli, ikiharibika hasara ilikuwa ya kweli, lakini hakuachwa nayo peke yake. Simaanishi kwamba zamani kulikuwa shwari. Fimbo ilitumika kupita kiasi, na wako waliozeeka bila kujua kusoma kwa sababu ng'ombe walikosa mchungaji.

Mwaka 1990 wanasosholojia Allison James na Alan Prout walihariri kitabu kilichowahimiza wenzao waache kumtazama mtoto kama mtu ambaye hajakamilika, anayengoja ukubwa ili ahesabiwe. Mtoto, walisema, ni mtendaji katika jamii yake leo hii, na utoto wenyewe hutengenezwa na jamii. Haufanani kila mahali. Bibi zetu wangewasikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea kupukuchua mahindi.

Lakini utafiti uliofanyika jirani yetu kabisa ulituongezea jambo ambalo hata bibi hawakulisema. Bondeni kwenye Ziwa Eyasi, humu humu wilayani Karatu, wanaishi Wahadzabe. Kuanzia miaka ya 1980 Nicholas Blurton Jones, Kristen Hawkes na James O'Connell waliwafuatilia watoto wao, wakakuta hata wa miaka mitano wakichimba mizizi, wakichuma matunda na kula ubuyu walioutafuta wenyewe. Walipowalinganisha na watoto wa Wakung wa Kalahari, ambao nao ni wawindaji na wakusanyaji, hawakuona kitu kama hicho. Wale walikaa zaidi kambini. Tofauti haikuwa uvivu wala malezi mabaya. Kule Kalahari maji yako mbali, chakula kiko mbali, na nchi ni tambarare isiyo na alama, mtoto hupotea upesi. Huku Eyasi kuna vilima vya kumwonyesha njia, na chakula kiko karibu na kambi. Wazazi wa kule na wa huku walipima hatari, kisha wakakabidhi kwa kiasi ilichoruhusu ardhi.

Basi anayeshuka Mang'ola akamwona mtoto na kijiti cha kuchimbia, asikimbilie kusema anateswa. Na anayepita mashamba ya vitunguu ya huko huko Mang'ola akamkuta mtoto wa rika lile lile ameinama tangu asubuhi kwa ujira wa tajiri asiyelijua jina lake, asiseme ni utamaduni. Wote wawili wanafanya kazi. Uliza hasara ni ya nani, faida ni ya nani, na mkubwa aliye karibu yuko pale kwa ajili ya nani.

Sheria yetu, kusema kweli, inaijua tofauti hiyo. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka huo huo wa 1990, una ibara ya 31 inayompa mtoto wajibu kwa familia na jamii, jambo ambalo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 haukuliwekea ibara. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 ikalichukua katika kifungu cha 15, na ikaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi.

Kwa vijana, mambo yamekwama mahali pengine. Wairaqw hawakuwa na marika kama ya Wamasai. Walikuwa na masomba, vijana waliotumwa na wazee kufuata ng'ombe walioibiwa na kusimamia yaliyoamuliwa barazani. Na kijana aliyekosa ardhi kwao alihama. Hivyo ndivyo watu walivyotoka milima ya Mbulu wakajaza Karatu, wakafika mpaka huku Mbulumbulu, na hivyo ndivyo Serikali nayo ilivyofikiri ilipoanzisha makazi ya wakulima wa ngano ya Upper Kitete mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sasa upande mmoja kuna msitu wa hifadhi, upande mwingine ukingo wa Bonde la Ufa. Pa kuhamia hapapo. Sera ya taifa ya vijana ya mwaka 2007 ilisema kijana ni wa miaka 15 hadi 35, lakini nimeona mtu wa miaka 40, ana watoto wanne, analima kwenye shamba la baba yake na kila msimu anaomba upya aonyeshwe mstari wa kupanda. Huyo barazani bado anaitwa kijana, na anapoanza kusema kuna mzee atakayekohoa. Baba haogopi kwamba mwanawe hawezi. Anaogopa kwamba akishagawa atakuwa amebaki na nini. Hofu hiyo ni halali. Lakini mwana akiisubiri iishe, naye atakuwa na mvi, akiwanyima wanawe.

Kwa binti ni kinyume: yeye hukabidhiwa mapema mno. Anamaliza darasa la saba, jamaa anakuja kutoka Arusha kutafuta dada wa kazi, na kabla mahindi hayajavunwa ameshaondoka. Huko anaachiwa mtoto mchanga wa watu, jiko la gesi na funguo za geti, naye hajafika hata miaka 14. Mshahara unatumwa kwenye simu ya baba. Wazazi niliowauliza hujibu kwamba binti bado mdogo, fedha zitamharibu.