Maharage ya Mwezi Gani?

Pale Nsambya tunapokutana na vijana Jumamosi, mmoja wao alileta flashi yenye tamthilia ya upelelezi ya Kijapani, Signal. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza na yanapita mbio, basi yeye akajifanya VJ. Akatutafsiria kwa Kiswahili cha Goma, kama VJ Jingo anavyofanya kwa Kiganda. Polisi wa Tokyo wakawa polisi wa Majengo. Tulicheka mpaka machozi.

Dada mmoja akasema, hiyo si ya Wajapani jamani. Asili yake ni Korea, ilitoka 2016 ikiwa na sehemu 16. Wajapani waliichukua 2018, wakaimaliza kwa sehemu 10. Kisa ni kilekile: mpelelezi wa leo anaongea na mpelelezi wa zamani kwa redio ya mkononi, wanafuatilia kesi ambazo watu walishazikatia tamaa. Majina na mitaa vimebadilishwa, mambo mengine yamekatwa kabisa. Na hakuna aliyewaita Wajapani waongo.

Hapo kicheko kiliniisha, maana mimi nina deni la tafsiri.

Kuna mama mmoja wa upande wa Rutshuru nilimsindikiza kwenye mahojiano, nimtafsirie. Akaulizwa alikimbia lini. Akajibu, "Wakati wa kuvuna maharage." Ofisa alikuwa anangoja, kalamu mkononi. Mimi nikawaza haraka: Bunagana ilichukuliwa tarehe 13 Juni 2022, na Juni watu wanavuna. Nikasema, "Juni 2022." Niliona nimemsaidia. Nimemvalisha nguo safi mbele ya wageni.

Kumbe kwetu maharage yanavunwa mara mbili kwa mwaka! Mama alikuwa anasema mavuno ya Januari, vita vilipofika kijijini kwao mapema. Siku nyingine akatafsiriwa na mtu mwingine, naye akasema Januari. Wakalinganisha karatasi mbili, kama wapelelezi wanavyofanya, wakamwuliza mama kwa nini anabadilisha maneno. Hajawahi kubadilisha hata neno moja. Niliyebadilisha ni mimi.

Watu husema mtafsiri asiongeze wala asipunguze. Ni kweli, lakini ningesema "wakati wa maharage" tu na kunyamaza, mama angeonekana mjinga asiyejua mwaka, na mimi ningebaki na mikono safi. Huo nao ni uaminifu gani? Rafiki yangu ananitetea, anasema kosa ni la wanaodhani mtu anakimbia risasi huku ameshika kalenda. Nakubali nusu. Nusu nyingine inanirudia usiku: mama alikuwa amekaa karibu yangu, viti vyetu vinagusana. Ningeweza kumgeukia nikamwuliza, "Mama, maharage ya mwezi gani?" Isingechukua hata dakika. Sikuuliza kwa sababu nilidhani nakijua kisa chake kuliko yeye.

Mtu wa tamthilia akihamisha mwaka, anayehama ni mtu wa kubuni. Hana watoto wanaongoja karatasi.

Nilienda kwake nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akaendelea kuchambua mchele. Halafu akasema ameitwa tena mwezi ujao, je, mwanangu, utakuja? Nikamwambia nitakuja, ila kwanza anisimulie yote polepole, tangu kupanda.

"Kupanda maharage gani?" akaniuliza.

Sijui kama alikuwa anatania.