Subira si kuinyamazia dhulma

Ndugu zangu Waislamu, leo naandika nikiwa na deni shingoni. Miaka michache iliyopita alinijia mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu wa madrasa. Alikuwa karani katika kampuni moja hapa mjini. Ilipojulikana kuwa ni mjamzito akaambiwa kazi imekwisha, wala hakupewa barua. Mwajiri wake ni Muislamu, tena wa safu ya mbele msikitini. Akaniuliza: "Ustadh, nikamshitaki au nisubiri?" Nikamjibu: "Subiri dada yangu, usimwanike Muislamu mwenzio. Mwachie Mwenyezi Mungu." Akasubiri.

Sikujua, wala sikujishughulisha kujua, kwamba siku zake zilikuwa zinahesabika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, kabila na mengineyo. Inamtaka pia mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki anapomwachisha mtu kazi, na ujauzito si sababu. Mlango wa kubisha ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako pande mbili hukutanishwa kwanza zipatane. Lakini mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa huko ndani ya siku 30. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, ila atoe sababu za kuridhisha. Nami sidhani kuwa "ustadh aliniambia nisubiri" ni mojawapo.

Je, kudai haki ni kukosa subira? Wengi wetu tumezoea kujibu ndiyo. Lakini subira ni kuizuia nafsi isivuke mipaka. Aliyefukuzwa asitukane, asimzulie mwajiri uongo, asijilipe kwa kuiba mali ya ofisi. Katika hayo hakuna linalomkataza kujaza fomu ya malalamiko. Suratun Nisaa aya ya 148 inampa aliyedhulumiwa ruhusa ya kulitangaza baya alilotendewa. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyomo katika Bukhari, ametufundisha kuwa ndugu anayedhulumu tunamsaidia kwa kumzuia asidhulumu. Basi siku ile niliwakosea watu wawili. Mama alikosa riziki, na mwajiri nikamwacha na mzigo ambao huko Akhera haulipwi kwa shilingi bali kwa mema yake.

Wapo watakaosema hizi ni sheria za serikali, hazituhusu. Hebu tutazame. Sheria hiyo inamtaka mwajiri ndiye athibitishe kuwa alimwachisha mtu kazi kwa haki. Nasi katika fiqhi tunafundisha kuwa ushahidi ni juu ya anayedai. Bosi anayedai kuwa karani wake ana kosa, si alete ushahidi? Ugeni uko wapi hapo?

Dada zetu wanaponyimwa kazi kwa ajili ya hijabu tunapaza sauti, na tuna haki ya kufanya hivyo. Lakini sheria inayomlinda mwenye hijabu ndiyo inayomlinda mjamzito katika duka la Alhaji. Suratun Nisaa aya ya 135 inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Kuwa wakali kwa wengine na wapole kwa wenzetu wa safu ya mbele si dini, ni ukabila uliovaa kanzu.

Ni kweli kusamehe ni bora. Lakini msamaha hutolewa na mwenye haki kwa hiari yake, akiijua haki yake na akiwa na uwezo wa kuidai. Yule mama hakusamehe. Alinyamazishwa, na aliyemnyamazisha ni mimi.

Nilimwendea kumwomba radhi. Akanijibu: "Nimekusamehe ustadh. Ila wengine waambie mapema kuwa ni siku 30." Ndiyo maana nimeandika.

Wabillahi tawfiq.